Mlima wa Jirani: Kuitazama Singida Kutoka Kilele cha Hanang

Kinyangiri, mkoani Singida, haina mlima wake. Ina mawe, tena ya kutosha: majabali ya itale yaliyobebana kwa namna ambayo mgeni hudhani yalipangwa na mikono ya watu. Ina alizeti, mtama, uwele na vitunguu, ina kuku wa kienyeji wanaosafirishwa hadi Dar es Salaam, na wakati wa kipupwe ina upepo usio na adabu. Ukiiacha barabara kuu ya Singida kwenda Mwanza pale Iguguno na kuingia ndani ya Wilaya ya Mkalama, ile iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, unaingia nchi iliyolala chali, ambamo chochote kilichoinuka kidogo huonekana kutoka mbali. Na kilichoinuka kuliko vyote hakimo mkoani humu. Asubuhi ya anga safi, hasa mvua ikishaosha vumbi, upande wa mawio hujitokeza umbo la buluu, pana chini na butu juu, limekaa peke yake kama mgeni rasmi. Huo ni Hanang.

Kwa makaratasi ni mlima wa jirani. Wilaya ya Hanang ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha hadi ulipoundwa Mkoa wa Manyara mwaka 2002, na Singida haijawahi kuwa na hati yake. Lakini macho hayajui mipaka ya mikoa. Kutoka Mkalama hadi pale ni kama kilomita 80 hivi kwa mstari ulionyooka, na mtu aliyekulia huku anaujua mlima ule kwa sura kuliko anavyoyajua majengo ya makao makuu ya mkoa wake. Hata hivyo si ajabu kumkuta mtu mzima aliyeuona maisha yake yote na asiwahi kufika hata Katesh, mji mdogo uliopo miguuni pake. Mlima unatazamwa kutoka huku. Kutazama huku kutoka mlimani ni jambo tunalowaachia watalii.

Ni hasara, kwa sababu mambo mengi yanayotutatiza huku chini huonekana vizuri zaidi ukiwa kule juu. Kwa nini maziwa yetu ni ya chumvi, kwa nini mvua inapita upande ule na kutuacha sisi, kwa nini majirani walipata ngano na sisi tukapata mawe. Moto wa Hanang ulizimika zamani sana, ila mlima haujaacha kuamua mambo ya watu wanaoishi chini yake.

Tuanze na mlima wenyewe. Una urefu wa takriban mita 3,420 juu ya usawa wa bahari, na kwa kawaida hutajwa kuwa wa nne kwa urefu nchini, baada ya Kilimanjaro, Meru na Loolmalasin. Ni volkano mfu. Miamba yake iliyopimwa umri inaonyesha kwamba milipuko iliyoujenga ilitokea karibu miaka milioni moja iliyopita, nyingine mapema kidogo, wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likipasuka kuelekea kusini. Ramani za Wajerumani ziliuandika Gurui. Wabarbaig, wafugaji ambao wameishi chini yake tangu kabla ya ramani hizo, wanauheshimu kama mahali patakatifu, na Wairaqw wanalima kandokando yake. Leo msitu wake ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na huwezi kuupanda bila kupitia kwao.

Njia inayotumika zaidi ni ile ya Jorodom, inayoanzia karibu kabisa na Katesh. Kwa kuwa mji wenyewe upo juu ya mita 1,700, mpandaji anabakiwa na takriban mita 1,700 nyingine za kwenda juu, na watu wenye miguu mizuri huenda na kurudi siku hiyohiyo. Wenye busara hulala njiani. Kwanza ni mashamba na malisho, kisha vichaka, kisha msitu wenye miti mirefu iliyovaa kuvu na ndevu za mimea, baridi ikianza kuingia kwenye shati. Juu ya msitu miti inafupika na kukunjamana, inafuatia mimea ya miinuko yenye majani madogo magumu, halafu mgongo wa mawe. Mgongo huo ndio unaowavunja watu moyo. Unaona ncha mbele yako, unajikaza, unafika, na kumbe nyuma yake kuna ncha nyingine. Mtu wa Kinyangiri aliyezoea kuona umbo moja butu hawezi kuamini kwamba butu lile lina meno mengi kiasi kile.

Halafu ncha zinakwisha.

Kwanza unaona ndani. Kilele cha Hanang ni ukingo wa shimo kubwa lililobomoka upande mmoja, kuta zake zimeingia chini kwa mshuko mkali wenye majani na miti, na hapo ndipo moto ulipokuwa. Hakuna moshi, hakuna harufu ya kiberiti. Mtu aliyetarajia kitu cha kutisha atavunjika moyo kidogo, kwa sababu shimo la volkano mfu linafanana na bonde la kawaida lenye msitu. Inabidi ukumbuke mwenyewe kwamba unasimama kwenye mdomo.

Kisha unageuka, na nchi yote ipo chini yako. Kwa hesabu ya wapimaji, mtu aliyesimama juu ya uwanda kwa mita 1,900 hivi anaweza kuona hadi kilomita 150 na zaidi kabla duara la dunia halijamkatisha, endapo hewa ni safi na hakuna kilima cha kumziba. Hewa kwa kawaida si safi. Kuanzia Agosti vumbi la kiangazi na moshi wa mashamba yanayochomwa hutandaza ukungu wa kahawia, na anayefika juu Septemba saa sita mchana ataona kilomita chache tu na kurudi akidai mlima hauna kitu. Wakati mzuri ni Juni, mvua zimekwisha na vumbi halijaamka, na saa nzuri ni ya kwanza asubuhi.

Upande wa mashariki na kaskazini mashariki, nyuma ya vilima, kuna Kwaraha, mlima uliopo jirani na Babati, nao ni volkano mfu, mfupi kuliko huu kwa karibu kilomita nzima. Lakini jicho halikai huko. Linavutwa upande wa kaskazini, chini kabisa, kwenye weupe.

Weupe huo ni Ziwa Balangida. Lipo miguuni pa mlima, na nyuma yake umesimama ukuta wa Bonde la Ufa, mrefu, ulionyooka kiasi kwamba huhitaji mwalimu wa jiografia kukueleza kwamba ardhi ilikatika hapa na upande mmoja ukashuka. Wakati wa masika ziwa huwa na maji yenye rangi ya risasi. Kiangazi kikikaza, maji hurudi nyuma na kuacha uwanda wa chumvi, na watu hukusanya chumvi hiyo kwa matumizi ya nyumbani, ya mifugo na ya kuuza. Ukilitazama Balangida kutoka juu unaelewa kwa nini ni la chumvi. Maji yote ya upande huu wa mlima yanateremka kuliingia, na hakuna mto wowote unaotoka. Jua linachukua maji, chumvi inabaki, mwaka baada ya mwaka.

Na hapo ndipo mtu wa Singida anapopaswa kugeuza shingo. Nchi yote inayoonekana kuelekea magharibi na kusini magharibi ina tabia hiyohiyo. Ziwa Singidani na Kindai pale mjini Singida, yenye heroe wake wa waridi, ni ya chumvi na hayana mto wa kwenda baharini. Maji ya mbuga ya Wembere huingia Ziwa Kitangiri kule Iramba, Kitangiri huyatoa kwa Mto Sibiti, Sibiti huyapitisha kaskazini mwa Mkalama na kuyamwaga Ziwa Eyasi, na huko yanaishia. Tone la mvua linaloangukia shamba la alizeti Kinyangiri halitaiona Bahari ya Hindi kwa njia ya mto wowote. Ndiyo maana serikali imeliweka eneo hili chini ya Bodi ya Maji Bonde la Kati, ambayo makao yake yapo Singida. Darasani nililisoma jambo hili kama mstari wa kukariri: maziwa ya ndani, yasiyo na njia ya kutokea. Juu ya Hanang si mstari, ni mandhari. Unaona bakuli na unaona hakuna upande uliobonyea.

Kinyangiri yenyewe haionekani. Unaweza kujua ipo upande upi, unaweza kunyoosha kidole kuelekea uwanda wa Iramba unaofifia na kuwa anga, lakini bati lake halimeremeti na majabali yake, yaliyo makubwa mno ukiwa chini yake, yamepotea.

Watu wa mataifa mengine huzungumzia mandhari ya jangwani kutoka volkano mfu, lakini, kusema kweli, Hanang si mlima wa jangwani. Singida ni nchi kame kiasi, yenye mvua ya kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka, zote katika msimu mmoja unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Jangwa halisi lipo mbali. Ila kuna ulinganisho mmoja ambao haunitoki kichwani. Kaskazini mwa Chad, kwenye milima ya Tibesti, kuna Emi Koussi, volkano iliyo juu kuliko mlima wowote wa Sahara. Urefu wake ni mita 3,400 na ushei, yaani karibu sawasawa na Hanang. Juu yake kuna bonde la volkano lenye upana wa zaidi ya kilomita kumi, na ndani yake shimo jingine liitwalo Era Kohor, lililojaa magadi meupe. Anayesimama ukingoni mwa Emi Koussi anaona mawe, mchanga na weupe ule. Hakuna msitu, kwa sababu mlima mrefu hauwezi kuumba mvua pasipokuwa na unyevu wa kukamua.

Hanang inaweza. Upepo unaotoka mashariki na kusini mashariki ukiwa na unyevu kidogo wa Bahari ya Hindi hugongana nayo, hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu hugeuka wingu. Ndiyo kofia ile nyeupe tunayoiona kutoka huku, mara nyingi hata siku ambazo anga letu ni kavu. Msitu unakunywa wingu, vijito vinateremka, mashamba ya kuzunguka mlima yanapata maji. Upepo ukishavuka, umekwisha kuacha kingi ulichobeba. Kenya wana mfano mkali zaidi: Mlima Kulal, volkano mfu yenye mita 2,285 upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, na Marsabit kusini mashariki yake. Juu kuna misitu ya ukungu, chini kuna mawe meusi na jangwa la Chalbi, na wafugaji wa Kirendile na Kisamburu wanajua tofauti hiyo kwa miguu ya ngamia wao. Kutoka juu ya Kulal unaona ziwa upande mmoja na jangwa upande wa pili, huku wewe umesimama kwenye kijani. Hanang inatoa somo hilohilo kwa sauti ya chini.

Lakini mlima unaoshika maji unaweza pia kuyaachia. Jumapili asubuhi, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka. Tope, mawe na magogo yalishuka kwa mkondo mmoja hadi Katesh, Jorodom, Gendabi na vitongoji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa, nyumba zikafukiwa au kuchukuliwa, barabara kuu ya kwenda Babati ikafunikwa kwa tope. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi wa COP28. Alikatisha safari, akarudi na kufika Katesh.

Siku zile za kwanza, swali lililokimbia kwenye simu za watu lilikuwa moja: volkano imeamka? Serikali ikatuma wataalamu wa miamba, nao wakajibu kwamba hapakuwa na tetemeko wala mlipuko. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji mpaka ikazidiwa na uzito. Nadhani wengi walilipokea jibu hilo kama faraja, na sijui kwa nini. Majivu na mawe yaliyorushwa na volkano hulala tabaka juu ya tabaka bila kushikana vizuri, na miaka milioni moja ya mvua huyalainisha na kuyageuza udongo. Mteremko mkali uliotengenezwa na moto unabaki ukingoja siku ya maji. Neno mfu, tunapolitumia kwa volkano, linahusu magma peke yake. Mwaka ule kulikuwa na El Niño, na mvua za vuli zilikuwa nyingi kupita kiasi Afrika Mashariki yote. Miaka ya namna hiyo itarudi.

Kutoka kileleni makovu ya siku ile yanaonekana kama michirizi iliyochubuka kwenye ngozi ya kijani. Mpandaji anayetumia njia ya Jorodom anapita karibu na baadhi yake. Siwezi kusema mandhari ya Hanang ni mazuri bila kuyataja.

Kaskazini magharibi, ukivuka ukuta wa Bonde la Ufa kwa macho, kuna uwanda mwingine ulioinuka, na huko nchi inabadilika umbo. Inakuwa na miraba. Ni mashamba makubwa ya ngano ya Basotu. Udongo wa huko una majivu ya volkano, una rutuba, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ulionekana kufaa kwa ngano. Shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba saba ambayo kila moja lilikuwa na ekari kama 10,000. Matrekta makubwa yalifika, mkate wa mijini ukapata unga wa nyumbani. Ardhi hiyo, hata hivyo, haikuwa tupu. Ilikuwa malisho bora ya Wabarbaig, na yalikuwamo makaburi ya wazee wao, yale ya vichuguu vya udongo wanayoyaita bung'eda. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo katikati ya miaka ya 1980. Kesi ya Mulbadaw inafundishwa mpaka leo kwa wanafunzi wa sheria ya ardhi. Ukiwa juu huoni kesi. Unaona miraba ya rangi ya dhahabu wakati wa mavuno, na unaiona mizuri, na ni vyema kujua uzuri huo ulilipiwa na nani.

Katikati ya eneo hilo kuna Ziwa Basotu, la maji baridi, lenye samaki. Nalo ni mtoto wa volkano. Magma iliyokuwa ikipanda ilikutana na maji ya ardhini, maji yakageuka mvuke ghafla, na ardhi ikapasuliwa mashimo. Mashimo ya namna hiyo yapo mengi Basotu, mengine yamejaa maji, mengine ni makavu. Hayakujenga mlima wowote, yalichimba tu.

Lipo pia jambo la vinywa. Moto ule uliacha floridi kwenye miamba, na maji ya visima katika sehemu nyingi za Arusha, Manyara na Singida huibeba. Mtoto anayekunywa maji yenye floridi nyingi wakati meno yake yanaota huota meno yenye madoa ya kahawia, na ikizidi sana hata mifupa huathirika. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Wapo waliokwenda mjini kusoma wakachekwa kwa meno yao, na hakuna aliyewaambia kwamba meno yale ni habari za volkano. Kwa upande mwingine, joto la chini ya Bonde la Ufa linasadikiwa kuifungua gesi ya heliamu iliyofungwa ndani ya miamba mikongwe sana ya katikati ya Tanzania, miamba ya ukoo mmoja na majabali ya Kinyangiri, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Kampuni zimechukua leseni za utafutaji Balangida na Eyasi. Tutaona nani atanufaika. Mimi nimeshasoma habari nyingi za ugunduzi na chache za mgawo.

Sasa turudi magharibi, kwenye uwanda ule uliofifia, kwa sababu umeficha kitu ambacho jicho haliwezi kukiona hata kwa darubini. Singida nayo ilikuwa na volkano. Zake ni za zamani mno hata Hanang ni kitoto mbele yake, na zilikuwa za aina nyingine: mabomba ya kimbalaiti, magma inayotoka kina kirefu sana, kwa kawaida zaidi ya kilomita 150, ikapasua njia yake hadi juu kwa kishindo na kuacha shimo lenye umbo la faneli. Bomba maarufu zaidi la ukoo huu nchini ni Mwadui kule Shinyanga, lenye hekta kama 146, ambalo John Williamson, Mkanada, alilipata mwaka 1940 na kuanzisha mgodi wa almasi. Singida ina mabomba mengi madogo. Yalichunguzwa katika miaka ya 1950, na Mkanada mwingine, Mannard, aliyaandikia tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha McGill mwaka 1962. Hayakuleta utajiri wa Mwadui, na habari yake ikaisha kwenye maktaba.

Isipokuwa moja. Takriban kilomita 60 magharibi mwa mji wa Singida kuna mahali paitwapo Mahenge; si Mahenge ya Ulanga ambayo kila mtu anaifikiria. Hapo bomba lilipozimika, shimo lake lilijaa maji na kuwa ziwa dogo, lenye upana usiofika nusu kilomita. Tope laini likatulia chini, tabaka jembamba juu ya tabaka, likawafunika samaki, majani, vyura. Umri wake umepimwa kwa madini ya zirkoni: karibu miaka milioni 46. Bonde la Ufa halikuwepo. Hanang haikuwepo. Kilimanjaro haikuwepo.

Mwaka 1967 wataalamu wa London, Greenwood na Patterson, walimwelezea samaki mmoja wa Mahenge, wakampa jina la jenasi Singida. Jina la mkoa wetu likaingia kwenye ukoo wa samaki, na nina hakika madiwani wengi hawana habari. Baadaye yakatoka mengine: chura aliyeitwa Singidella, na samaki wa Mahengechromis, ambao ni miongoni mwa mababu wakongwe kabisa wanaojulikana wa jamii ya sato na perege, samaki wale wale tunaowakaanga. Mwaka 2003 alitangazwa popo, Tanzanycteris mannardi, kwa heshima ya yule mwandishi wa tasnifu. Miongoni mwa walioandika ripoti hiyo walikuwemo Watanzania wawili, Msuya na Mizambwa. Sikio la ndani la popo huyo ni kubwa kiasi cha kuonyesha kwamba alikwisha kujua kuwinda gizani kwa mwangwi wa sauti yake.

Ila yanayonigusa zaidi ni majani. Bonnie Jacobs na Patrick Herendeen walikusanya majani ya Mahenge, mengi ya jamii ya kunde, ya miti inayofanana na ile ya miombo, wakayapima ukubwa na umbo, kwa kuwa jani la nchi ya mvua nyingi hukua pana na la nchi kame hubaki dogo. Hesabu yao ilitoa mvua ya kati ya milimita 640 na 780 kwa mwaka. Hiyo ni mvua ya Singida ya leo! Tumezoea kusikia kwamba Afrika ya enzi hizo ilikuwa msitu mzito mmoja kutoka pwani hadi pwani. Majani yaliyoanguka kwenye kreta yetu yanasema kwamba huku, angalau hapa, watu wangekuwapo wangelima mtama.

Kwa hiyo msomaji wa Mkalama anayetaka kuuona mlima wa jirani asisubiri mgeni wa kumwongoza. Atoke Iguguno hadi Singida, apande basi la Babati, ashuke Katesh kabla giza halijaingia. Aripoti kwa TFS, alipe kiingilio, achukue mwongozaji wa hapohapo, kwa sababu ukungu ukishuka mgongo ule wa mawe hauna huruma. Abebe maji yake yote na koti zito. Aanze saa kumi na moja alfajiri au mapema zaidi, na asiende wakati wa mvua kubwa, Desemba 2023 inatosha kuwa sababu. Akiwa na siku ya ziada, akishashuka aende Balangida akaone chumvi inavyokusanywa. Na akirudi na kupita Singida mjini, aulize ofisi ya utalii ya mkoa kama kuna anayeweza kumpeleka Mahenge.

Swali hilo likiulizwa na watu wengi, huenda siku moja kibao kitawekwa.